Kifuniko cha Kalamu ya Babu

Ndugu yangu, juzi tumemaliza arobaini ya babu kule Msambweni. Wenzangu waligawana kitanda na sufuria. Mimi niliomba kalamu yake tu, ile ya kujaza wino wa chupa. Nilipoishika, nikaona kifuniko kimekaa upande.

Babu alipona ukoma kabla sijazaliwa, ila vidole vilibaki vimekufa ganzi. Hata hivyo mwandiko wake, mashallah! Barua za posa za mtaa mzima aliziandika yeye. Kuandika aliweza, macho yalimwongoza. Kufunga ndiko kulikomshinda. Kifuniko kile kilikuwa cha kuzungusha, na kisipokaa sawa hewa huingia, wino hukaukia kwenye nibu. Yeye hakuweza kuhisi. Basi nilikuwa nikiacha muhogo wangu wa nazi, nafuta mikono, nazungusha mpaka kinagoma.

"Kimeshika, mke wangu?" Utani wa mababu wa pwani, si unaujua.

"Kimeshika, babu."

Siku moja barua ya posa ilirudi. Jirani aliyeileta aliibana kwa jani la mgomba asiiguse, akaitupa kizingitini. "Wenyewe wamesema hawapokei karatasi ya mkono huo," akasema, akaenda zake. Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo. Daktari alikwisha kusema haambukizi, nani alimsikiza?

Baada ya hapo hakuna aliyebisha hodi kutaka barua. Mama naye akaingiwa na hofu, akafunga nguo zetu tuhamie Ukunda. "Sitaki mwanangu afe vidole," akamwambia babu usoni. Babu akaninyooshea kalamu. "Nifungie kabla hujaenda." Nikafunga huku nalia.

Siku hizi watu wanaposa kwa simu, na hata jani la mgomba halihitajiki. Shangazi, aliyemuuguza, ameniambia babu hakuacha kuifungua kalamu ile akitaka kuniandikia. Akiandika mstari mmoja macho ya uzee humchoka, kuifunga hawezi, na shangazi mwenyewe alikuwa shamba kutwa. Kesho yake wino umekauka. Sikupata barua hata moja, nami miaka yote nilidhani amenisahau.

Jana nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu. Nibu imeliwa na kutu, haiandiki tena. Nimekirudisha kifuniko hivyo hivyo, nikazungusha taratibu mpaka kikagoma. Hakuna aliyeniuliza kama kimeshika.