Jani la Sale Nililolitia Kwenye Chupa ya Maua

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nawaambia ninyi msionijua, maana wanaonijua wamechoka kunisikia nikijisifu.

Nina diploma ya hoteli. Niliolewa Ujerumani, ndoa ikavunjika, nikabaki huko nikitunza wazee mpaka nikajenga nyumba huku mjini, Olasiti. Hakuna mwanamume aliyeniwekea hata tofali. Hilo nalisema popote.

Lakini nilipoondoka nilimwacha binti yangu, Neema, bado ananyonya, kwa dada yangu, kijijini kwetu mlimani. Siku niliyorudi, Neema alinipokea begi, akasema, "Shikamoo, mama mdogo."

Nilimgeukia dada. "Ndivyo ulivyomfundisha?"

"Shuleni walikuwa wanamuuliza mama yake yuko wapi. Ulitaka nimwambieje?"

Nikamwita mwizi wa watoto, majirani wakisikia.

Haikupita wiki, baba yetu mdogo akaja kwangu na jani la sale lililopigwa fundo. Kwetu ukiletewa sale umeombwa msamaha. Unalipokea, mnakaa, mnazungumza. Hata wenye kesi ya damu hulipokea.

"Dada yako anasema alikosea," alisema. "Anataka mpange mtoto arudi kwako taratibu."

Nilikuwa na wageni sebuleni. "Baba mdogo, siku hizi watu wanapigiana simu." Nikalitia jani kwenye chupa ya maua, kando ya televisheni. "Tena linaendana na mapazia."

Wageni walicheka. Mzee hakugusa chai. "Mama, hilo si pambo," akasema, akachukua kofia yake.

Tangu hapo hakuna mzee anayekubali kutusuluhisha. Aliyelikataa sale, wanasema, apelekewe nini tena? Neema alikuja mara moja tu. Aliliona jani pale, na amelelewa mlimani, analijua. Hakuvua hata sweta.

Sasa situlii. Nahamisha viti, nafuta vigae ambavyo ni visafi. Nimekata sale langu uani, nimelipiga fundo, limelala kwenye kiti cha gari. Nafika njia panda ya kwa dada, nageuza. Sale halijipeleki lenyewe, hupelekwa na mzee, na wa kunibebea ndio hao niliowacheka.

Wewe uliyerudi na masanduku na nyumba yako, ukiletewa jani lile, toa mikono miwili, ulimi uufunge. Langu la kwenye chupa limeshaota mizizi, na mwanangu bado ananiita mama mdogo.