Maji ya Umeme

Kwao walimwita Daktari, na kila walipomwita hivyo mama yake alicheka kidogo, maana huyu alikuwa daktari asiyejua kupiga sindano wala kuandika dawa ya kikohozi. Alisoma mpaka shule zikamwishia, akapata shahada yake ya uzamivu, na badala ya kutulia kama wenzake akaingia mkataba wa utafiti katika chuo kile kile. Kazi yake ilikuwa vijidudu vya kwenye chakula, vile vinavyoharisha watu na kuwalaza hospitali. Hakula kitu kibichi nje ya nyumba yake. Harusini alichambua sahani kama anayetafuta pete iliyopotea, na shangazi zake walikwisha kata tamaa naye.

Utafiti wenyewe ulihusu maji. Yalikuwa maji ya bomba tu, ila yamepitishiwa cheche za umeme ndani ya mashine inayolingana na friji ndogo. Cheche zile huyapa ukali wa kuua vijidudu, kisha ukali hupotea wenyewe na mboga isibaki na harufu. Daktari aliyapaka majani ya saladi vijidudu kwa makusudi, akayaosha kwa maji hayo, akayatikisa ndani ya mfuko wenye mchuzi wa maabara wa kubandua vijidudu vilivyobaki, halafu tone la mchuzi akalitandaza kwenye sahani ya kuoteshea. Kijidudu kilichopona kingeota doa kufikia kesho yake. Sahani zilitoka nyeupe pe. Akarudia, nyeupe pe. Profesa wake, mchoyo wa sifa kuliko wote pale chuoni, alimpigia makofi mbele za watu.

Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba. Mdogo wake alikuwa na jiko la kupikia watoto wa chekechea chakula cha mchana, na siku zote alilalamika kwamba harufu ya klorini inawafanya wateme saladi. Daktari akambebea mashine ya akiba bila kumwomba mtu ruhusa.

"Klorini achana nayo," alimwambia. "Haya yanatosha."

Mdogo mtu hakuuliza swali hata moja. Angeuliza nini? Dada aliyekagua hata vijiko vya mama mkwe wake akisema kitu ni safi, basi ni safi.

Mchana mmoja, akitafuta glavu kwenye stoo ya maabara, Daktari aliisogeza chupa ya dawa ya kuzimisha. Dawa hiyo hutiwa kwenye mchuzi ili ikate ukali wa maji pale pale jani linapotolewa. Bila hiyo, maji yaliyong'ang'ania jani huendelea kuua ndani ya mfuko, na sahani hutoka safi wakati jani lenyewe lilitoka chafu. Chupa ilikuwa na lakiri yake. Haikuwahi kufunguliwa.

Akamwita fundi wa maabara. "Mchuzi wangu huwa unautia dawa ya kuzimisha?"

"Mimi?" Fundi alishangaa kweli. "Si mnatia wenyewe mkianza kazi?"

Fundi wa zamani, aliyekuwa amestaafu, alikuwa akiitia mwenyewe, kutoka chupa zilizokwisha zamani, bila kuambiwa na bila kumwambia mtu. Huyu mpya, aliyekuwapo tangu utafiti huu uanze, alipika mchuzi kama pakiti ilivyoelekeza. Daktari hakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu yeye naye hakuuliza, na kuuliza ndiyo kazi aliyosomea. Akakata lakiri kwa mkasi, akatia dawa kwenye mchuzi, akarudia jaribio lote alasiri hiyo. Kisha akampigia mdogo wake.

"Dada! Mbona sauti hivyo?"

"Mafua tu. Watoto wamekula?"

"Wamekula na kuramba sahani. Saladi siku hizi inagombaniwa."

"Sawa. Nilitaka kukusalimia tu."

Alifundishwa kutosema kitu kabla ya kuwa na ushahidi. Chakula cha leo kilikwisha liwa, cha kesho hakijaoshwa, na asubuhi angekuwa na jibu mkononi. Alijitetea hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na hata yeye hakujiamini.

Asubuhi alifungua kabati la joto alimoziacha sahani zioteshe, kabla hajaweka mkoba chini. Sahani zilikuwa zimejaa madoa tele, mengine yameshikana kwa kukosa nafasi. Alijua Profesa atawaka, na mkataba huenda ukaishia hapo, lakini hayo aliyaacha yasubiri. Alitoka mbio na koti jeupe mwilini, akipiga simu ambayo mdogo wake hakupokea, kwa kuwa saa hizo mikono yake huwa ndani ya maji.

Jikoni alikuta beseni zimejaa majani yanayoelea.

"Mwaga!" alisema mlangoni, hata salamu hakutoa.

Mdogo wake aligeuka. "Kuna nini, dada?"

"Maji hayaui vijidudu kama nilivyosema. Nilikosea kupima."

"Yaani tangu umeleta mashine?"

"Tangu siku ile."

Mdogo mtu aliketi juu ya kreti. Hakufoka. Daktari alitamani amtukane, angalau apate pa kujibu.

"Kuna watoto wawili hawajaja tangu juzi," mdogo wake alisema. "Mwalimu anadhani ni mafua."

"Mafua amejuaje?"

"Nimekwambia anadhani." Akajifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu. "Napiga mimi. Utaongea wewe."

Mama wa kwanza alicheka. Mwanawe aliumwa jino, limeng'olewa, na sasa analala njaa kwa ukaidi tu. Daktari alimshukuru mara nyingi mno, mpaka mama yule akauliza kama kuna tatizo. Akaelezwa, na kicheko kikaisha.

Mama wa pili alipokea upesi, kwa sauti ya chini. Daktari alimsalimia, akasema anapiga kutoka jiko la chakula cha shule, akauliza kama mtoto anaharisha.

"Umejuaje?" mama aliuliza. "Sijamwambia mtu."

Daktari akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, amnyweshe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo njiani, awaambie wapime choo, na kwamba yeye mwenyewe atawakuta huko huko. Alisema yote kwa pumzi moja, na kila neno lilikuwa sahihi.

"Nimekuelewa," mama alisema. "Lakini wewe ni nani?"

Daktari alimtazama mdogo wake, naye hakumwondolea macho.

"Mimi ndiye niliyesema saladi ile ni safi," akajibu.