Waya wa Kengele

Hedley Garside alikuwa fundi simu kwa miaka thelathini na mmoja, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa aibu tupu. Mganga hajigangi. Nyaya zilitambaa kila ukuta: soketi ya simu jikoni, chumbani, gereji, hata chooni, maana marehemu mkewe alipenda kupiga soga akiwa ameketi. Mimi ni jirani yake huku Yorkshire, nyumba zetu zinashiriki ukuta mmoja. Simu yake ya jikoni ikilia, mimi ndiye niliyekuwa naruka kwenda kupokea yangu.

Machi ile alipata barua kutoka New Zealand. Mdogo wake, Clement, alikuwa hoi kwa kansa, na alitaka waonane uso kwa uso kwenye kompyuta, Jumapili saa moja asubuhi yetu, jioni yao. Hawakuwa wamesemezana miaka kumi na mmoja. Clement hakuja kumzika mama yao. Alipopiga simu siku ya mazishi, Hedley alimjibu, "Umekosea namba," akamkatia.

Nikamjaribishia kompyuta, nikimpigia kutoka kwangu. Uso wangu ukaganda mdomo wazi kwenye skrini yake.

"Doreen, unafanana na samaki wa dukani!" akanipigia kelele kupitia ukutani.

"Na nyumba yako inafanana na kiota cha kunguru! Toa hayo manyaya, mzee!"

Jumamosi nzima aling'oa nyaya, nami nikamshikia tochi. Mwisho akafungua soketi kuu pale mlangoni, akagusa waya mmoja kwa bisibisi.

"Mchawi ndiye huyu. Waya wa kengele. Kazi yake ni kuzifanya simu za zamani zilie tu, lakini unadaka makelele yote na kuipaka matope intaneti, maana inapita laini hiyo hiyo."

"Ukiutoa?"

"Simu ya jikoni itaongea, ila haitalia. Kuna kidude cha kurudisha mlio, nitanunua Jumatatu."

"Si ungoje hiyo Jumatatu?"

"Clem ni kesho, mama. Na nani ananipigia mimi? Wauza madirisha tu, wale wanaopigia kila mtu. Acha nipumzike nao."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Akautoa, na picha ikawa safi hata akaziona ndevu za kidevuni mwangu, akanitajia, mshenzi yule.

Jumapili alivaa tai. Tulikaa jikoni kwake, kompyuta mezani, simu ukutani nyuma ya mgongo wake. Saa moja ikapita. Saa mbili. Nilichemsha chai mara tatu na hakuigusa.

"Ananilipizia," akasema. "Ni haki yake."

"Usiseme hivyo. Labda amelala."

"Nilimkatia siku ya kumzika mama, Doreen. Ungekuwa wewe ungepiga?"

Ilipofika saa nne akavua tai, akasema ampigie binti wa Clement, wajue tu kwamba yeye alikuwepo akingoja. Akainua simu ya ukutani. Mlio wa laini haukuwa wa kawaida, ulikuwa unakatika-katika. Fundi yeyote anaujua: kuna ujumbe umewekwa. Akabonyeza kuusikiliza.

Zilikuwa jumbe tatu, nami nilizisikia zote, sikio langu karibu na lake.

"Kaka, ni Clem. Kompyuta ya huku imegoma, nakupigia namba ya zamani."

"Hedley, najua upo. Pokea basi, bwana."

Wa tatu ulianza kwa kupumua tu, kwa muda mrefu. Kisha: "Haya, kaka. Samahani. Nimekosea namba."

Hedley alipiga papo hapo. Binti akasema, "Ameshapewa dawa, ba'mkubwa, amelala. Jaribu kesho." Clement hakuamka tena.

Jumatatu hakwenda kununua kile kidude. Alipiga magoti mlangoni, akaurudisha waya wa kengele, na intaneti ikarudi kuwa takataka. Nilimwambia kwamba nami nina lawama, kwa kuwa nilishika tochi. Akasema, "Wewe ulisema ningoje."

Siku hizi simu yake inalia tena, naisikia ukutani, na haifikishi mlio wa pili, ameshaipokea. Jana alikuwa kijana wa madirisha. Nadhani aliisikia sauti ya mzee akataka kuaga, maana Hedley alikuwa anamsihi.

"Hapana, mwanangu, usikate. Hujakosea namba. Hujakosea."