Jumamosi kwa Mtaliano wa Samaki

Siku ile nilikuwa nimechoka kabla hata sijafika. Wiki nzima nilisahihisha mitihani ya majaribio ya darasa la saba, na Jumamosi asubuhi, badala ya kulala kama binadamu wengine, nikapanda bodaboda kutoka Endabash hadi Karatu mjini kwenda kula chakula nisichokitaka, kwa watu nisiowajua, kwa ajili ya mtoto ambaye nilikuwa sizungumzi naye tangu Januari. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye nyusi. Mwendesha bodaboda aliniuliza kama naenda msibani. Nadhani ni kwa sababu ya uso wangu.

Habari yenyewe ni fupi. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Likizo moja akapata kibarua cha kuosha vyombo kwenye mgahawa wa mzee mmoja Mtaliano pale mjini, mgahawa wa samaki, na likizo ilipokwisha hakurudi chuoni. Alisema amepata kazi anayoipenda. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia walimu wenzangu kwamba nina muuguzi nyumbani, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kuniuliza dawa ya mgongo. Nilimwambia binti maneno ambayo sitayaandika hapa, naye akanijibu ambayo pia sitayaandika. Tangu hapo tukawa tunatumiana salamu kupitia kwa baba yake.

Baba yake ni dereva wa watalii, siku nyingi yuko kreta ya Ngorongoro na wageni wake, na jioni akirudi alikuwa anapigiwa simu na pande zote mbili. Ndiye aliyechoka wa kwanza. "Mimi si posta yenu," aliniambia. "Jumatatu huyu mtoto anataka kwenda Tanga. Nenda ukaongee naye mwenyewe."

Mke wa yule Mtaliano ni mzaliwa wa Tanga. Samaki wao wanatoka kwa kaka zake huko, wanapandishwa basi ndani ya masanduku ya barafu mpaka huku kwetu juu kwenye baridi na ngano. Mzee mikono yake imeanza kutetemeka, watoto wake wa kuwazaa hawataki jiko, kwa hiyo walitaka binti yangu akakae Tanga miaka miwili, ajifunze kuchagua samaki na kumwandaa, kisha arudi ashike jiko. Ila mama mwenye mgahawa alikuwa ameweka sharti. Alisema hachukui mtoto wa mtu kama anayechukua kuku. Mama yake aje, ale chakula alichopika mwanawe, aseme ndiyo kwa mdomo wake. Asiposema, safari hakuna.

Basi safari ilikuwa mkononi mwangu, na nilipanga kusema hapana.

Tatizo la pili lilikuwa samaki mwenyewe. Mimi ni Mmasai wa Soitsambu niliyeolewa Karatu. Kila mwaka nachora samaki ubaoni, mapezi, magamba, matamvua, naeleza faida za protini, na watoto wananakili. Lakini nyumbani kwetu samaki aliwekwa upande wa nyoka, na kichwa changu kimesoma, tumbo langu halijasoma. Nikajifungashia hotpoti: ugali, na maziwa ya mgando kwenye kikopo chenye mfuniko. Nilijiambia nitakaa nao mezani, nitakula changu, nitasema langu, nitaondoka.

Mgahawa uko pembeni ya barabara ile inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Una meza sita tu. Meza moja mjukuu wao wa kike alikuwa anafanya hesabu za kuzidisha, na aliikosea ya tatu. Nilijizuia nisichukue kalamu. Mama mwenye mgahawa akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu dada yangu, karibu sana! Na mzigo juu? Jamani, ahsante!"

Kabla sijafumbua mdomo, hotpoti imetoka mkononi mwangu, imeingia jikoni. Kwa watu wa pwani mgeni akija na chakula ameleta zawadi, na zawadi ile alikuwa ameshaipokea na kuishukuru kwa sauti. Nani angethubutu kumfuata jikoni kuidai? Nikakaa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na baada ya dakika chache nilimwona mzee wa Kitaliano amesimama kando ya jiko lake, anamega ugali wangu, anachovya kwenye maziwa yangu, anafumba macho. Nilimchukia kidogo.

Halafu akatoka kunisalimia. "Karibu sana mwalimu," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kabisa, laini, fasaha kuliko changu ninacholipwa kukifundisha. "Mwanao kaniamsha alfajiri leo. Hataki nishike chochote. Leo kapika peke yake."

Sinia likaja. Tambi, nyanya, kitunguu saumu kingi, na juu yake wadudu wakubwa wekundu, wenye macho na sharubu. Kamba. Nilijua jina lao kutoka vitabuni. Mama mwenye mgahawa akakaa mbele yangu na kunionyesha: unavunja kichwa, unamenya ganda, kwa vidole, uma uache. Kwenye dirisha dogo la jikoni niliona kofia nyeupe ya binti yangu. Ilikuwa imetulia, haisogei.

Nataka kueleza kwa nini nilikula, maana shemeji zangu mpaka leo wanadhani nilirogwa. Sikula kwa upendo. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka sana hana nguvu za kukataa. Nilivunja kichwa cha yule mdudu. Nikamenya. Nikatia kile kinofu mdomoni na kutafuna huku nikiangalia ukutani. Kilikuwa kitamu. Naliandika neno hili kwa shida. Kilikuwa kitamu na nikala cha pili, cha tatu, mchuzi ukanichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Hapo ndipo binti akatoka jikoni.

Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, akainamisha kichwa. Kwetu mtoto hamsalimii mzazi kwa mkono. Anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu yake. Ukiweka, umemkubali, salamu na baraka zimekwenda pamoja. Usipoweka, hakuna tusi kubwa zaidi. Nilinyanyua mkono. Nikauona: mafuta mekundu, kipande cha ganda kimenata kwenye kidole, na harufu ya kile kitu nilichokatazwa tangu nina meno ya utotoni. Unawekaje samaki juu ya kichwa cha mwanao? Mkono ulirudi wenyewe, nikauficha chini ya meza nikitafuta kitambaa.

Nilipopata kitambaa, kichwa hakikuwepo. Alikuwa ameshageuka. Nilisikia mlango wa jiko ukifungwa, taratibu.

Mama mwenye mgahawa aliinuka. Ameishi huku juu miaka mingi, anajua kichwa kikiinamishwa kinatafuta nini. "Nimeelewa, dada," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Haendi. Nitamwambia mzee." Akaanza kukusanya sahani.

Nikakaa pale na ushindi wangu. Nilikuwa nimepata nilichokijia bila kusema neno, na kama nisingesema neno lolote sasa, Jumatatu ingepita, binti angekosa pa kwenda, huenda angerudi chuoni, na mimi ningeweza kurudi Endabash nikalale. Naungama kwamba nilikaa muda. Nilipiga hesabu ile mara mbili. Na kila nikiipiga nilikuwa naona miezi mingine mbele: salamu za kutumiana, simu za baba yake, mimi kujifanya sijali ninapopita hapa mjini. Nilijisikia mzito kama gunia la vitunguu. Watu wanasema mama ana moyo wa kusamehe. Mimi nilikuwa nimechoka tu kukasirika, na hasira ni kazi; nayo haina likizo.

Nikasimama. Mama mwenye mgahawa hakunizuia.

Jikoni alikuwa amenipa mgongo, anaparua magamba ya samaki kwenye sinki kwa kisu, haraka haraka, magamba yanarukia nywele zake zilizotoka chini ya kofia.

"Sikukukataa," nikasema. "Mkono ulikuwa na samaki."

Kisu kikasimama. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu, na nikaona jinsi alivyokonda, na nikakumbuka kuwa sijamtazama usoni tangu Januari.

"Yeyo," akasema, mama kwa Kimasai, kama anavyoniita tangu mdogo. "Mimi nina samaki mpaka kichwani. Kila siku. Ulikuwa unanikinga na nini?"

Uuguzi ule aliouacha bado unaniuma, hata leo ninapoandika. Hakuinama mara ya pili, na simlaumu. Amenizidi urefu kwa kichwa kizima, ikabidi nisimame kwa ncha za vidole vya miguu, nimeshika ukingo wa sinki kwa mkono mmoja nisianguke. Ule mwingine, sikuunawa. Niliuweka juu ya kichwa chake hivyo hivyo, nikamwambia aende.