Kebo ya Mkubwa

Niliporudi Garissa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwenye diploma ya mitandao ya kompyuta katika mkoa mzima nilikuwa mimi. Kama alikuwepo mwingine, alijificha vizuri. Niliisomea India, kwa fedha ya kuuza maziwa ya ngamia na kubeba magunia, bila mjomba mbunge. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika ofisi moja ya misaada iliyohudumia kambi za Dadaab, niliona ni wao waliokuwa kwenye majaribio.

Ofisi ilikuwa na swichi tatu, yaani visanduku vyenye matundu vinavyopitisha habari kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kubwa ilikuwa chumbani kwangu. Kebo ilitoka hapo hadi swichi ndogo ya stoo, na nyingine ikatoka stoo hadi swichi ya msimamizi wetu. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka msimamizi alipoifahamu njia hiyo.

Alikuwa mzee wa Takaba, mfuga ngamia aliyegeuka mtu wa mafaili. Aliniuliza kama ni kweli barua zake zinapitia kwa mtunza stoo. Nikamweleza kuwa zinapita tu, hakuna anayezisoma. Haikusaidia. Mtu wa cheo chake, alisema, hapiti kwenye mlango wa maharagwe.

Jioni, mashine zikiwa zimezimwa nami nimeshakwenda nyumbani Iftin, alimwita fundi wa jenereta avute kebo mpya kutoka chumbani kwake moja kwa moja hadi swichi yangu kubwa. Fundi akauliza kama aing'oe ile ya zamani. Mzee akakataa: mwenye visima viwili hafukii kimoja.

Asubuhi hakuna kompyuta iliyozungumza na mwenzake. Nje malori yalikuwa yamepakiwa unga, na polisi wa kuyasindikiza walikuwa wanaondoka saa tatu, wala hawamngoji mtu. Bila orodha ya mgao kuchapishwa, hakuna lori litakalosogea. Msimamizi alisimama mlangoni pangu, nusu ya ofisi nyuma yake.

"Waryaa," aliniita, kama anavyoitwa mchunga mbuzi, "malori yakibaki, wewe utaondoka."

Nikatazama swichi. Taa zote zilikuwa zikimetameta pamoja, bila kupumua. Halafu nikaiona ile kebo ngeni kwenye tundu la mwisho, nikaelewa. Kompyuta huanza kwa kuuliza swali kwa wote: fulani yuko wapi? Swichi husambaza swali hilo kila upande. Njia ikiwa duara, swali huzunguka, hurudi, husambazwa upya, wala halifi. Ni kama uvumi wa mjini kwetu: hutoka soko la mifugo, hupita Iftin, hurudi sokoni umenenepa, na aliyeutunga anauamini.

Nikaichomoa. Taa zikatulia, printa ikaanza kutema karatasi. Orodha ikatoka nusu saa kabla ya polisi kuondoka, na malori yakaenda nayo. Ningeshukuriwa, lakini mzee alikuwa anaitazama kebo yake inavyoning'inia.

"Irudishe," alisema.

Kwa bahati yake, mimi nilisoma. Swichi ile kubwa ilikuwa na kinga: ikigundua duara, hulaza njia ya ziada mpaka ile nyingine ikatike. Mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kutoka Nairobi ndiye aliyeizima, eti kompyuta zinangoja nusu dakika kabla ya kuanza kazi. Nusu dakika! Garissa, ambako tulingoja barua wiki mbili. Nikaiwasha kinga, nikachomeka kebo ya mzee. Taa yake ikabaki rangi ya chungwa. Katika ofisi nzima, swichi peke yake ndiyo iliyothubutu kumlaza.

Akaniuliza kwa nini yake ni ya chungwa na za wengine kijani.

"Hiyo ni ya akiba, adeer," nikamjibu kwa adabu, kama ninavyomwita kila baba mdogo. "Mkubwa hatumwi kila siku."

Aliridhika sana. Mwezi huohuo akatia sahihi barua ya kunithibitisha kazini, na kila mgeni aliletwa chumbani kwangu kuonyeshwa ile taa. Barua hiyo, kama zake zote, ilifika kwenye printa kwa kupitia stoo.