Shingo ya Kaka Ilikuwa Safi

Nilipelekwa mjini kwa sababu mbili: shule ilikuwa imefungwa, na kaka Bakari alikuwa hacheki tena ila kwa upuuzi wangu. Kaka ni mchonga vinyago. Uvimbe ulimtoka katikati ya kifua, mgumu kama mpingo, na kijiji chetu kizima cha Chanika kikakata shauri kwamba gogo la kuchongea ndilo lililomgonga. Mama alimpapasa shingo na makwapa, asikute tezi. "Mabaya huanzia shingoni," akasema. "Huyu mzima." Hospitali ya mjini ilikuwa imemkata kipande kidogo cha nyama kifuani ikakipime. Sasa tulikuwa tunafuata majibu.

Alfajiri tuliondoka na lori la kijiji, tumekalia mihogo ya shamba la ujamaa. Kaka alijifunga kifua kwa kanga ya mama, mashimo ya njia yasimuumize.

"Hujambo, bi harusi?"

"Mjinga wee. Usinichekeshe, panauma."

Vingunguti tulipishana na ng'ombe wakiswagwa machinjioni. Nikawapungia mkono. "Poleni, ndugu! Sie angalau tunarudi!" Dereva alicheka. Kaka aliwatazama mpaka wakapotea.

Saa nne, hospitalini, tuliitwa. Daktari alikuwa mama mmoja wa Bara, mpole.

"Shikamoo, daktari. Gogo limekiri kosa?"

"Marahaba. Si gogo. Ni ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi."

"Lakini shingo yake safi! Mama kaikagua."

"Kwa wengi huanzia kwenye tezi, shingoni au kwapani. Ni mara chache sana kuwa kama kwa kaka yako. Umejificha ndani ya mfupa wa kifua. Na umeshaingia kwenye ini."

Kaka akauliza, "Nitachonga tena?"

"Dawa tutakupa, Bakari, zikupunguzie maumivu. Kupona siwezi kukuahidi."

Nikainama, nikamfunga kaka kanga upya kifuani.

Mchana, njia ya Pugu, lori lilikuwa tupu na linarukaruka. Kaka alinishika mkono.

"Mama utamwambia wewe."

"Kwa nini mie?"

"Mdomo si unao?"

Jioni tulifika Chanika. Nilitangulia, dereva akimteremsha kaka. Mama alikuwa uani na majirani, wanamenya mihogo.

"Haya, mchekeshaji wetu, wamesemaje?"

Nikamwambia kama nilivyoambiwa: ni saratani ya tezi, imejificha mfupani, imefika kwenye ini, na kupona hawaahidi.

Mama akaniangalia, kisha akaangua kicheko. "Tezi mfupani! Leo umepitiliza, mwanangu." Majirani wakakipokea kicheko, mmoja akanirushia ganda la muhogo.

Hapo ndipo nilipojifunza faida ya miaka yangu yote ya masihara. Nilisimama nalia, nao wakazidi kucheka, maana kulia kwa uongo nilikuwaga hodari.

Kaka akaingia uani polepole, kanga kifuani. Mama akamwendea akicheka bado, akampapasa shingo.

"Safi," akasema.

Kaka akaushika ule mkono, akauteremsha mpaka kifuani.

"Mama," akasema, "leo hatanii."