Bathsheba Alipoamua Kuwa Mkandarasi

Zamani mtu akiumia kazini, tajiri alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe na kumsubiri nje. Siku hizi tajiri hukimbilia kabati kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba hamjui. Nilifanya kazi katika kiwanda cha pamba hapa Kendu Bay wakati mashine bado zinanguruma, kwa hiyo hilo la zamani sikuhadithiwa. Hili la sasa lilimfika jirani yangu Bathsheba, mama Valary.

Alizaliwa upande wa Kisii, juu ya Oyugis, akaolewa huku ziwani akiwa hajawahi kushika samaki mbichi. Mama mkwe wake alimcheka miezi mitatu. Mwaka wa pili alikuwa akimpasua mbuta wa kilo kumi na kuacha mifupa mitupu. Mumewe alipofariki, akaomba kazi katika kiwanda kimoja cha samaki kule Homa Bay. Kwa miaka kumi na mmoja aliamka saa kumi alfajiri, hata Jumamosi, na yeye ni Msabato. Mzee wa kanisa aliacha kumpa mkono. "Mungu anajua nina watoto," alikuwa akisema, lakini alisema akitazama chini.

Mwenzake Trizah alisimama kando yake kwenye meza ya kupasulia samaki. Asubuhi moja kisu kilimteleza kikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia hadi ndani. Supavaiza wao, Nyamweya, akamfunga kitambaa na kumwonyesha lango.

"Anaenda wapi?" Bathsheba akauliza.

"Hospitali. Huyo ni kontrakta. Kontrakta hujitibu."

"Na akipona?"

"Akipona aje tuone kama kuna nafasi."

Daktari alisema vidole vipasuliwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo vitakakamaa. Trizah hakuwa na cha kulipia, na bila mkono huo hakuwa na kazi nyingine duniani.

Jioni hiyo Bathsheba alikuja kwangu na karatasi waliyotia sahihi wote, iliyoandikwa kwa Kiingereza. "Jaduong', nisomee," alisema. Ndivyo wazee tunavyoitwa huku.

Nikamsomea. Mwenye karatasi hii ni mkandarasi huru. Anajipangia saa. Anatumia vifaa vyake. Anaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yake. Hana mkubwa juu yake.

Aliangua kicheko. "Mimi? Nikienda chooni naomba ruhusa!"

"Ulitia sahihi."

"Nilitia nikiwa nimesimama, Nyamweya ameweka kidole pale pa kuandika." Kisha akaisogelea karatasi. "Rudia hapo pa saa."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, kama mtu anayepokea maagizo ya dawa.

Alhamisi alifika kiwandani saa nne. Nyamweya alikuwa langoni.

"Mama Valary, saa hizi unatoka wapi?"

"Nyumbani. Nimejipangia."

Ijumaa alikwenda na kisu chake cha jikoni, akakataa aproni ya kiwanda, akajifunga leso yake yenye maua. Wanawake walicheka hadi wakashindwa kupasua samaki. Jumamosi alivaa nguo nyeupe akaenda kanisani, na kazini akamtuma wifi yake Phanice, ambaye hakuwahi kuona kiwanda kwa ndani.

"Hii ni kazi, si harusi," askari wa lango alimwambia Phanice. "Huku hatupokei mwakilishi."

Jumatatu Bathsheba alipewa barua ya onyo yenye muhuri. Ilisema amechelewa, amekataa sare, na amekosa kazini bila ruhusa ya mkubwa wake. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Nyamweya alidhani ametubu.

Tuliipeleka kwa afisa wa kazi, mimi, yeye na Trizah aliyefungwa mkono. Meneja wa kiwanda aliitwa, akaja na Nyamweya na faili nene ya karatasi za wakandarasi, zote zina sahihi. Bathsheba akaweka barua yake moja juu ya faili hiyo. Afisa, binti mdogo mwenye miwani, aliisoma mara mbili, kisha akamgeukia Nyamweya.

"Mkubwa wa huyu mama ni nani?"

"Ni mimi, madam."

"Ruhusa anaomba kwako?"

"Kwangu tu."

Meneja akakohoa. Nyamweya alifikiri anasifiwa. "Madam, huyu nimemfundisha nidhamu miaka kumi na mmoja!"

"Basi ni mfanyakazi wenu," afisa akasema. "Na huyu aliyekatwa alisimama meza gani?"

Trizah mwenyewe akasema, "Meza hiyohiyo."

Afisa aliandika kwamba kiwanda kimtibu na kimwekee nafasi yake. Tulipotoka nje, meneja alimvuta Bathsheba pembeni. Angempa barua ya ajira yeye peke yake, na Jumamosi zake zote, mradi tu asiwachochee wengine. Jumamosi hizo alikuwa amezililia.

"Meza yetu ina wanawake kumi na sita," akasema. "Lete barua kumi na sita. Ya Trizah iwe juu."

Kiwanda kilivutana nao wiki tatu. Trizah alipasuliwa kwa kuchelewa, kidole kimoja kikarudi, kingine hakikunjiki mpaka leo. Sitasema tulishinda. Katika dunia niliyoijua, mtu hakuhitaji hila wala muhuri ili damu yake itambuliwe, na dunia hiyo hairudi. Lakini wasije wakaniambia kwamba wale wanawake walipewa kitu. Walichukua.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumanne asubuhi, nimesimama nje ya uzio wa kiwanda. Malori ya samaki yalikuwa yamepanga foleni, barafu inachuruzika barabarani, Nyamweya anapiga kelele kwamba mzigo utaharibika. Hakuna aliyevaa aproni. Wanawake kumi na watano walikuwa wamesimama wakizunguka meza ndogo, wakimsubiri Trizah, ambaye alikuwa akitia sahihi barua yake ya ajira, ya kwanza kati ya zile kumi na sita, kwa mkono wa kushoto, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.